Mlango, mkono, mfuko: utiwe maji wapi Mombasa?

Wiki iliyopita zilinijia jumbe mbili za sauti siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu wa Majengo: "Mwanangu, mwili umenilegea, magoti hayanibebi. Hapo kwa kijana wa dawa wanatia maji. Niende?" Ya pili ilikuwa ya binamu yangu, bi harusi mtarajiwa, tena ikaja na picha: kiti cha kuegemea cha rangi ya krimu, taa za buluu, mwanamke kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na mfuko wa maji ya manjano unaning'inia juu ya kichwa chake. Chini yake, bei. Kwa bei ile nyumba yetu ingekula wali wa nazi na samaki wiki mbili. "Dada, hii ya kung'ara nijitie kabla ya singo au baada?"

Nilifanya uuguzi wodini miaka tisa kabla ya kuacha, na kwa jamaa zangu jambo hilo halifutiki: kila sindano ya ukoo lazima ipite kwangu kwanza. Basi nimeona niandike mara moja. Ukiondoa kile kiti cha krimu, shangazi na bi harusi wanauliza swali lile lile, na Mombasa ya leo inawapa majibu matano: duka la dawa la mtaani, baa ya dripu, nesi anayekuja nyumbani, kliniki au hospitali, na jagi la maji jikoni kwako. Nitayaweka bega kwa bega, ila si kwa urefu sawa, maana hayana uzito sawa.

Punda na mzigo wake

Sisi watu wa Pwani tuna mapenzi ya zamani na dripu. Aliyekua hapa enzi za kwinini anakumbuka: homa ya kutetemeka, chupa inaning'inia kwenye chuma, masikio yanavuma kama pango, na kesho yake umekaa kitandani unaulizia uji. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa ambaye hajatiwa maji huona hajatibiwa. Lakini kilichotuponya ni kwinini. Maji yalikuwa punda wa kuibeba tu. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunate kwa malaria kali, kwa watoto na kwa wakubwa, na hiyo haikuhitaji kulala chini ya chupa saa nne. Mzigo umeshuka, punda kabaki, na wengi wetu bado tunamlipia nauli.

Tumfungue basi tuone amebeba nini. Maji ya chumvi ya kawaida, yale ya asilimia 0.9, yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Mfuko wa mililita 500 una gramu 4.5, chumvi isiyofika kijiko cha chai kilichojaa. Maji ya sukari ya asilimia 5 yana gramu 25 za glukosi kwa mfuko huo huo, na soda moja ya mililita 300 inazidi hapo. Mtu akikuambia "haya ni maji ya nguvu", jua anazungumzia sukari isiyotimia soda.

Mifuko ya rangi ni hadithi nyingine. Manjano ile inayopendeza kwenye picha ni vitamini B2. Waridi ni B12. Ukishatiwa ya manjano, saa chache baadaye mkojo unatoka rangi ya bizari, na hapo unaziona shilingi zako zikiondoka: figo haziwezi kuhifadhi vitamini B2 wala C ya ziada, zinaichuja na kuimwaga. Mtu ambaye tumbo lake haliwezi kufyonza B12 anafaidika kweli na sindano yake, lakini huyo amepimwa damu na ameandikiwa, na hupigwa kwenye msuli, hahitaji mfuko wala taa za buluu.

Mchanganyiko unaouzwa zaidi na baa za dripu duniani unaitwa kwa jina la John Myers, daktari wa Baltimore, Marekani, aliyefariki mwaka 1984. Ni magnesi, kalsiamu, vitamini za kundi B na vitamini C. Vipimo vyake halisi havikujulikana vizuri. Daktari mwenzake, Alan Gaby, aliyewarithi wagonjwa wake, ilibidi akisie, kisha akauandika mwaka 2002. Mwaka 2009 watafiti waliujaribu kwa watu 34 wenye maumivu sugu ya misuli. Nusu walipewa mchanganyiko, nusu walipewa maji ya dripu yasiyo na vitamini, bila kujua. Pande zote mbili zilijisikia nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Mimi silicheki hilo. Kulala saa nzima bila simu, mtu akikushika mkono na kukuuliza unajisikiaje, ni dawa ya aina yake. Ila mjini hapa inapatikana kwa bei nafuu zaidi, pale Mama Ngina kando ya bahari, jioni, na mihogo.

Mambo matatu ya kuuliza kabla ya bei

Usiitafute sheria iliyoandikwa "dripu" mlangoni. Kenya inasimamia jambo hili kwa ofisi kadhaa tofauti, na kila moja inashika kipande chake. Mimi huwafundisha watu wangu kwa maneno matatu: mlango, mkono, mfuko.

Mlango ni mahali penyewe. Jengo lolote linalotibu watu linapaswa kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lililo chini ya sheria ya Sura ya 253. Leseni ni ya mwaka, si ya milele, na inataja ngazi ya kituo. Zahanati na kliniki ndogo ni ngazi ya 2, vituo vya afya ni ngazi ya 3, na hospitali zinapanda kutoka hapo. Coast General ni ngazi ya 5. Orodha ya vituo vyenye leseni iko kwenye tovuti ya Baraza na unaweza kutafuta jina ukiwa kwenye matatu. Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapofungwa macho: karatasi yenye nembo ya Kaunti ya Mombasa iliyowekwa kwenye fremu pale mapokezi mara nyingi ni leseni ya biashara. Mwenye kinyozi anayo. Mwenye duka la viatu anayo. Hairuhusu mtu kukutoboa mshipa.

Mkono ni mtu. Daktari ana leseni ya KMPDC, muuguzi ana ya Baraza la Wauguzi chini ya Sura ya 257, na afisa wa kliniki ana ya baraza lake lililowekwa na sheria ya 2017. Nazo ni za kuhuishwa, zina namba na tarehe. Cheti cha chuo cha urembo ni cheti kizuri kwa kazi yake, lakini kazi yake si branula, ile sindano ya mrija inayobaki mshipani.

Mfuko ni dawa. Hapa mwenye neno ni Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, chini ya Sura ya 244. Kinachoingia kwenye mshipa kiwe kimesajiliwa, kina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na kifunguliwe mbele ya macho yako. Kichupa kilicholetwa kwenye begi la safari kutoka ng'ambo, maandishi yake huyasomi wewe wala anayekidunga, hakijapita mlango huo hata kama jengo ni la kioo.

Vitu vyote vitatu lazima vikutane. Muuguzi halali akitumia dawa halali ndani ya saluni isiyo na leseni ya tiba, mguu mmoja wa jiko umekosekana, na jiko la miguu miwili halibebi chungu.

Duka la dawa la mtaani

Nianze na shangazi, kwa sababu wanaokwenda kwenye duka la dawa ni wengi kuliko wanaokwenda kwenye baa za dripu za Nyali, na hakuna anayewapiga picha.

Unalijua duka lenyewe. Kaunta ya kioo, pazia nyuma, nyuma ya pazia kitanda kimoja na msumari ukutani wa kutundikia chupa. Bei ni ya mtaani, kijana ana adabu, na anakukopesha hadi mwisho wa mwezi. Siwezi kumdharau, usiku wa manane Kongowea yeye ndiye aliye macho. Lakini leseni ya PPB iliyo juu ya kaunta yake ni ya kuuza dawa. Haikigeuzi kile kitanda kuwa zahanati. Kwa hiyo kwenye kipimo chetu duka linaweza kupita kwa mfuko, mara chache kwa mkono, na karibu kamwe kwa mlango.

Hatari yake kubwa, hata hivyo, haipo kwenye karatasi. Ipo kwenye jambo ambalo duka halifanyi: kupima kabla ya kutundika. Mombasa, mwili kulegea kunaweza kuwa malaria. Kunaweza kuwa dengi, iliyotupiga 2013, 2017 na 2021, au chikungunya ya mwishoni mwa 2017 iliyowapinda watu wakatembea kama wazee. Dengi ndiyo inayonitisha mimi na chupa za nyuma ya pazia. Mgonjwa wa dengi anahitaji maji kwa kipimo, na yakizidi yanavuja kutoka kwenye mishipa na kujaa kifuani na tumboni. Halafu ukitiwa maji dukani huwa unaongezewa "ya maumivu" kwenye mrija huo huo, mara nyingi diclofenac, na dawa za jamii hiyo hazitakiwi kwa mtu ambaye huenda ana dengi, kwa sababu ya kutoka damu.

Nilimwambia shangazi asiende dukani, aende kliniki apimwe kwanza. Alilalamika njia nzima, kwa mujibu wa mjukuu aliyempeleka. Malaria, hana. Sukari ya damu, 21. Uchovu wote ule ulikuwa sukari iliyopanda, na kule dukani alikuwa anasubiriwa na mfuko wa maji ya sukari, maana ndiyo "ya nguvu". Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba kipimo cha tone moja la damu kilikuwa hakijafanywa.

Baa ya dripu

Hizi ziko Nyali zaidi, na nyingine zinafunguliwa kuelekea Bamburi. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kaunti ya Kilifi: maafisa wa afya wa kaunti wanabadilika, ila KMPDC na PPB ni zile zile, kwa hiyo maswali yako yavuke nawe.

Nilimsindikiza bi harusi tukazuru mbili, bila kusema mimi nani. Sitazitaja. Ya kwanza ilikuwa na harufu ya mchaichai, na karatasi iliyotungikwa ilikuwa ile niliyoisema, ya biashara. Nikauliza daktari yuko wapi. "Yupo Nairobi, tunamfikia kwa simu." Nikauliza nani anatia branula. Binti akasema "sisi wote tumefunzwa". Tukashukuru kwa maji ya limau tukatoka. Ya pili ilikuwa bora zaidi: leseni ya ngazi ya 2 ya mwaka huu, muuguzi aliyetoa namba yake bila kununa, kisanduku cha manjano cha sindano zilizotumika, mapipa ya taka kwa rangi. Tulipimwa presha. Tuliulizwa kuhusu figo, moyo, mzio na ujauzito. Hawakuuliza swali moja, na ni swali ambalo huku Pwani lina uzito kuliko Nairobi.

Swali hilo ni G6PD. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, na katika nchi za malaria kama yetu si nadra, kama vile selimundu isivyo nadra. Mtu wa namna hiyo akitiwa vitamini C ya kipimo kikubwa kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, macho yakawa ya manjano na mkojo ukawa wa rangi ya kahawa. Machungwa hayamfanyi chochote, kwa sababu tumbo lina mlango wake na halipitishi kiasi hicho. Mshipa hauna mlango. Kama kwenu kuna mtu aliyewahi kuishiwa damu ghafla baada ya dawa fulani za malaria, pimwa kwanza, au achana na hiyo C.

Lingine la kwetu ni kisukari. Vitamini C nyingi kwenye damu hudanganya baadhi ya mashine ndogo za kupimia sukari, zikaonyesha namba ya juu kuliko ilivyo. Mtu akiamini, akajidunga insulini kufuata namba hiyo, sukari inaporomoka kweli. Shangazi yangu angekuwa ameingia kwenye mtego huo kwa miguu yake.

Sasa ile ya kung'ara. Yenyewe ni glutathioni, na nitasema wazi: hata baa iliyopita mlango na mkono, hapa nitakuambia usitie. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. FDA ya Ufilipino, nchi ambayo imeijua dripu hii kabla yetu, imetoa onyo juu ya madhara kwa figo na ngozi. Kenya tumepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, tukadhani tumemaliza, kumbe weupe umehama kopo ukaingia kwenye mfuko. Bi harusi wa Kiswahili ana singo, ana liwa, ana udi na wiki nzima ya kukaa ndani. Ngozi hiyo haijawahi kuhitaji branula.

Ukitaka kuona ahadi za baa hizi zinavyoishia pale serikali inapoamka, tazama Texas. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya huko, iV Bars, kwa kudai dripu zake zinatibu hadi saratani bila ushahidi. Ilikuwa kesi yake ya kwanza ya aina hiyo. Na mwaka 2025 jimbo hilo likatunga sheria ya kutaja nani anaruhusiwa kutia dripu za hiari nje ya ofisi ya daktari. Hapa kwetu tangazo la namna ile tunaliona kila siku kwenye simu, linasindikizwa na wimbo wa taarabu, na tunasambaza.

Kidokezo kidogo kuhusu hizo picha za wateja wakiwa kwenye kiti: taarifa zako za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Punguzo la bei kwa sharti la kupigwa picha mrija ukiwa mkononi si lazima ulikubali.

Nesi anayekuja nyumbani

Huyu ni wa haraka. Anaitwa asubuhi baada ya kesha la harusi, au hotelini na mgeni aliyekesha kwa sababu zake. Mkono wake unaweza kuwa halali kabisa. Mlango ni sebule yako, na sebule yako haijakaguliwa na mtu. Kwa mgonjwa aliyetoka hospitali na maagizo ya daktari, anayemaliza dawa zake nyumbani, mpango huo una mantiki. Kwa uchovu wa kucheza chakacha, hapana. Tena muulize sindano anazitupa wapi akimaliza. Ikiwa jibu ni pipa lako, mtoto wa mzoa taka ndiye atakayelipa.

Kliniki na hospitali

Foleni ni ndefu. Hakuna mchaichai. Ukienda ya serikali utakaa kwenye benchi ukisikiliza mgonjwa wa jirani akisimulia kesi ya shamba. Lakini hapo mlango, mkono na mfuko vimekutana, na kuna kitu cha nne ambacho hukioni hadi kikuhitaji: watu wa kukimbia.

Ndiyo maana swali langu la kupambanua, lile ninalomwachia kila mtu, ni hili: "Adrenalini iko wapi?" Mwili ukikataa dawa iliyotiwa kwenye mshipa, hauchukui nusu saa kama kidonge. Koo linafunga, presha inaanguka, na kinachookoa ni adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja la mtu mzima, sasa hivi. Wodini jibu huja kwa kidole, pale, juu ya toroli. Dukani utaambiwa "hatujawahi kupata shida". Nesi wa nyumbani atafungua begi, na uso wake utakuambia. Baa ya dripu, inategemea. Ile ya pili tuliyozuru walikuwa nayo, haijaisha muda.

Kitu kingine kinachotenganisha hospitali na wengine ni mwendo. Kwa mrija wa kawaida, matone 20 ni mililita moja. Mfuko wa 500 kwa saa nne ni matone 42 kwa dakika, unaweza kuyahesabu ukitazama saa. Mfuko huo huo kwa saa moja, kama wanavyopenda kwenye baa ili kiti kipate mteja mwingine, ni matone 167. Hapo si matone tena, ni uzi. Kijana mwenye moyo mzima na figo nzima atavumilia. Mzee wa presha mwenye miguu inayovimba atalala usiku huo akikosa pumzi. Na magnesi ikienda kwa kasi inashusha presha. Ndiyo ile joto ya ghafla usoni wanayokuambia ni "vitamini zinafanya kazi".

Usisahau kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia mbadala, faida, hatari na gharama, na inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Waambie wakuelezee kwa Kiswahili. Fomu ya kurasa tatu ya Kiingereza uliyosainishwa ukiwa tayari umefungwa mpira mkononi haitoshelezi. Kuhusu malipo, SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ni ya matibabu. Hayo ya kung'ara ni mfuko wako.

Jagi

Mshindani huyu hana tangazo, na ndiye ninayemchagua kwa mtu yeyote anayeweza kumeza na hatapiki kila kitu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani India na kipindupindu kikaingia. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kituo cha Bangaon na dripu zikamwishia. Akachanganya chumvi, sukari na maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Hiyo ndiyo ORS, ile pakiti inayodharauliwa kule dukani kwa sababu ni rahisi. Siri yake ni kwamba sukari huishika chumvi mkono ikaivusha ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Pakiti ya kipimo cha lita moja ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi, pamoja na potasiamu, ambayo ule mfuko wa maji ya chumvi hauna hata chembe. Soma pakiti yako kabla ya kuchanganya, maana nyingine ni za nusu lita. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi.

Na dafu? Nalipenda, na baada ya jua la kaskazi hakuna kilicho bora. Ila dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo kwa kuhara peke yake halitoshi, na mgonjwa wa figo alikwepe. Kwa uchovu wa mwenye afya, dafu na usingizi vinaishinda ile manjano.

Anayehitaji mshipa kweli yupo: anayetapika bila kukoma, aliyezubaa, mtoto aliyelegea macho yamedidimia, mwenye kipindupindu kikali. Huyo hana muda wa kulinganisha. Apelekwe hospitali, tena anapewa vijiko vya ORS njiani. Na kwa wanaouliza Ramadhani ikikaribia: wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema maji ya lishe kwenye mshipa yanafunguza, kwa hiyo wanaoikimbilia dripu ili wasisikie saumu waanze kwa sheikh kabla ya kwa nesi.

Ukishadhurika, karatasi zile tatu ndizo zinazokuonyesha pa kulalamika: mahali au daktari ni KMPDC, muuguzi ni Baraza la Wauguzi, dawa ni PPB. Weka risiti na upige picha kichupa kabla hakijatupwa.

Shangazi amerudishiwa dawa zake za sukari na amenisamehe. Bi harusi, kwa kuwa ni mbishi, alikwenda kivyake kwenye baa ya tatu ambayo shoga yake aliisifu, na nikamwambia kama lazima, basi aulize lile swali moja kabla ya kukaa. Jana usiku akaniletea jibu. "Dada, nimewauliza adrenalini iko wapi. Wamesema haimo kwenye menyu, lakini wanaweza kuniongezea kwa elfu moja."